Fimbo Niliyokuchagulia

Mwankoko, Singida
Jumatatu, 2 Juni 2025

Hosea wangu, mume wangu wa ndoa,

Kabla ya yote, huyo Luciana ni nani? Barua yako ni kurasa mbili. Jina langu limetokea mara moja, pale juu, na la Luciana mara tano. Luciana amesema fimbo ya kuvulia iwe ya futi saba. Luciana amesema ncha iwe laini. Luciana amecheka ulivyoshika mshipi. Alicheka vipi, Hosea? Alifunika mdomo au aliacha meno nje?

Nisamehe, nimeanza bila hata salamu. Habari za Tulya? Ziwa linakutunza? Mimi mzima, mama yako mzima, mbuzi wazima. Leo tumetimiza wiki tano na siku mbili tangu mchungaji atuunganishe, na bado nikiamka naangalia pete kwanza ndipo naangalia saa. Jana nimefuma sweta la shule lenye mkono mmoja mrefu kama wa trafiki anayesimamisha lori. Mwenye sweta akauliza, "Dada, mtoto wangu umemwona?" Nikasema nimemwona, ila wakati nafuma nilikuwa namwona mtu mwingine.

Najua simu yako haishiki mtandao mpaka upande lile jiwe, na pale jiweni kuna foleni ya watu wanaosikiliza kila neno. Na mimi siwezi kutamka "mpenzi" huku Mama anapepeta uwele pembeni yangu. Kwa hiyo acha Alute wa basi aendelee kutubebea bahasha. Amekataa nauli, anasema ni mchango wake wa harusi ambao hakuutoa.

Sokoni nimekwenda kama ulivyoniagiza. Edward, yule anayeuza mitumba ya mabegi na vitu vya michezo, ana fimbo tatu za kuvulia. Nikamuuliza ipi nzuri. Akasema, "Dada yangu, mimi sijui. Wanaozinunua wanatundikia pazia."

Kwa hiyo niandikie inatakiwa iweje. Niandikie wewe, kwa akili yako, si kwa akili ya mtu.

Nakupenda hadi vidole vinauma,
Mkeo, Esta


Tulya
Alhamisi, 5 Juni 2025

Mke wangu Esta,

Barua nimeipata. Mimi mzima. Luciana ni dada wa hapahapa, anavua. Ana mtumbwi wake. Si mtu wa kukunyima raha.

Sasa sikiliza vizuri habari ya fimbo, maana ndiyo maisha yetu. Nyavu zimesimamishwa mpaka samaki waongezeke. Mzee Lazaro, mwenyekiti wa kamati ya mwalo, hapa mitumbwi inapoegeshwa, ametangaza kwamba Jumamosi tarehe 21, kila anayeomba nafasi ya kuvua hapa atavua kwa fimbo mbele ya kamati, alfajiri mpaka saa sita mchana. Atakayetoa kambale watatu anaandikwa, anapewa na kiwanja cha chumba. Nikiandikwa, nakuja kukuchukua. Nikikosa, kaka Bonifasi ananisubiri Sekenke kwenye shimo lake la dhahabu, na huko ni mwaka mzima bila kuonana.

Chambo tunachotumia si mnyoo. Ni ndoano iliyoyeyushiwa madini ya risasi kichwani, ikavalishwa nyuzi kama sketi. Hukiachi kilale chini. Unakivuta polepole kiogelee kando ya matete, zile nyuzi zinacheza, kambale anadhani ni samaki mdogo anayepita. Kuna fundi wa barabara, Mkenya wa Naivasha, aliyewahi kukaa hapa. Kwao wanamvua hivyo samaki wanayemwita besi. Alimfundisha Luciana, Luciana akajaribu kwa kambale, wakakubali.

Ndiyo maana fimbo si ya kubahatisha. Ncha ikiwa ngumu, kambale akigusa tu unamnyang'anya chambo kabla hajafunga mdomo. Ikiwa laini yote, akishashika anakuingiza kwenye matete, humtoi. Kwa hiyo ncha ikubali, kiuno kikatae. Na isiwe nzito, maana ni kurusha na kuvuta asubuhi nzima.

Nyingine nzuri. Nyuzi za huku zinachuja rangi. Luciana ameliona lile sweta ulilonifumia la harusi, la njano na kijani, akasema uzi ndio huu. Akafumua pindo la mkono wa kushoto tukapata sketi nne. Zinaogelea vizuri sana! Nilijua utafurahi.

Mumeo,
Hosea


Mwankoko
Jumamosi, 7 Juni 2025

Hosea,

Nimefurahi. Nimefurahi mpaka chakula kimenishinda.

Sweta lile nililifuma majuma matatu, nikilificha chini ya gunia la alizeti usilione kabla ya siku yetu. Kila safu nilitaja jina lako, na pindo la mkono wa kushoto ndilo nililomalizia. Sasa kambale wa ziwa Kitangiri wanalitafuna. Swali langu ni moja, na ulijibu kabla ya mengine yote: wakati anafumua, ulikuwa umelivaa au ulikuwa umelivua?

Na usiniambie "dada wa hapahapa". Dada wa umri gani? Mrefu? Anasuka au ananyoa? Ameolewa? Mtu akiwa na mtumbwi wake na vidole vya kufumua sweta la mume wa mtu, lazima ana na sura. Kumbe sura yake ndiyo hujaiandika hata neno. Ungekuwa hujaiona, ungesema.

Haya, fimbo. Nilimwomba Edward aniachie zote tatu siku mbili, nikaweka simu yangu rehani ya heshima. Nikazifunga moja moja kwenye nguzo ya banda na kutundika vitu nchani: kwanza chupa ya maji, halafu sufuria, mwisho tofali. Mama akatoka jikoni akasimama mikono kiunoni. "Mkamwana, unavua kuku wangu?" Nikamweleza. Akasema mwanaye alipokuwa mdogo alikuwa akivua kwa bua la mtama na hakuna aliyekufa.

Ile nyekundu ni laini kama bua bichi, chupa peke yake inaikunja mpaka mkononi. Nyeusi inainama nchani, kisha inasimama. Ya bluu ni nene, hata tofali haliisumbui. Sasa hivi nazijua kuliko mwenyewe anayeziuza. Nimekuchagulia, na Alute anakuletea pamoja na barua hii. Edward aliniuliza mara mbili, "Una hakika ni hii?" Nikamwambia nina hakika.

Usimpe mtu aishike.

Halafu, Sekenke kukoje? Nasikia kule kwenye mashimo ni wanaume watupu.

Mkeo wa ndoa, wa pete, wa cheti,
Esta


Tulya
Jumatano, 11 Juni 2025

Mke wangu Esta,

Nililivua. Kulikuwa na joto. Nilibaki na fulana.

Fimbo ya bluu imefika Jumapili, nashukuru sana. Ni nzuri kuitazama, wenzangu wote wamekuja kuiona. Ila mimi ndiye nina kasoro. Tangu Jumatatu kambale tisa wamenigusa na sijatoa hata mmoja. Nasikia "tu!" mkononi, nikivuta, chambo kinarudi kitupu. Nafikiri mikono yangu ni mizito kwa sababu ya kulima. Na ikifika saa nne bega linawaka, inabidi nipumzike.

Luciana ameishika kidogo, samahani, kabla sijakumbuka ulivyonikataza. Akaikunja, haikukunjika. Akaniuliza, "Nani alichagua?" Nikamwambia ni mke wangu, alizipima zote siku mbili kwa tofali. Akaikunja tena, kisha akanirudishia. Baadaye akasema nichukue fimbo yake mpaka tarehe 21 ipite. Nikakataa. Nikamwambia nitavua na niliyochaguliwa na Esta, au sivui.

Bonifasi alipita juzi na pikipiki akanipeleka Sekenke nikaone. Wanashuka kwa kamba iliyofungwa kwenye gogo. Mtu akishuka, unahesabu mpaka kumi humwoni tena, unasikia sauti tu. Bonifasi anasema mwanzoni wote wanaogopa. Nimeanza kuuzoesha moyo.

Usihuzunike. Umefanya sehemu yako.

Mumeo,
Hosea


Tulya
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mdogo wangu Esta,

Hunijui, lakini jina lako nalisikia kuanzia jua linapotoka. Mimi ni Luciana, binti Damiani. Nimemwomba Alute akupe barua hii mkononi, asimpitishie Hosea.

Nianze na unalotaka kulijua, maana barua yako ya fimbo alinisomea yote. Nina miaka thelathini na moja. Sijaolewa. Nasuka. Na siku mumeo alipofika hapa nilimtazama, sikufichi. Mwanaume mgeni, ana adabu, halewi, nani asiyetazama? Kisha akafungua mdomo, likatoka jina lako, na mpaka leo hajaufunga. Unajua uchovu wa kukaa mtumbwi mmoja na mtu anayekueleza mke wake anavyokata vitunguu? Mimi sasa najua unavikata kwa urefu, na unalia jicho moja tu. Sikuomba kujua.

Habari ya sweta nilikosea. Yeye alinipa kama mtu anayetoa kitambaa cha jikoni, nami sikuuliza limetoka wapi. Mwanamke ningepaswa kuuliza.

Sasa zamu yako. Ile fimbo ya bluu ni ya kuvutia samaki wazito, si ya chambo kinachoogelea. Mtu asiyejua angeweza kuichukua kwa kupenda rangi. Lakini wewe ulipima kwa chupa, kwa sufuria na kwa tofali. Aliyepima hivyo anajua. Sijamwambia Hosea, na simwambii, maana nikisema mimi itaonekana nimekuchongea ili nipate nafasi. Yeye anajilaumu mikono. Jana nimemkuta anajipiga vidole kwenye ukingo wa mtumbwi, eti aviamshe.

Kama uliona bora aende Sekenke kwenye wanaume watupu kuliko akae hapa na mimi, nikuulize: hao wanaume nani anawapikia? Nao hao akina dada wa kule hawajui unavyokata vitunguu. Na lile shimo, Esta, halimjui mume wa mtu.

Kati ya fimbo zilizobaki ipo inayofaa, nawe unaijua bila mimi. Ukitundika chupa ya maji ya lita moja na nusu, theluthi ya juu iiname, chini ibaki imenyooka. Ukitaka kunishinda mimi, nishinde kwa kumpa mumeo fimbo nzuri kuliko yangu.

Zimebaki siku tisa.

Luciana Damiani


Mwankoko
Jumapili, 15 Juni 2025

Dada Luciana,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Ulimtazama. Umekiri mwenyewe, na nimeandika hivyo moyoni kwa wino mweusi. Sikupendi bado. Lakini asante.

Bahasha iliyofungwa na uzi ni ya mume wangu. Fimbo nyeusi ni yake. Ukiishika sitasema kitu, kwa sababu nataka uipinde mwenyewe uone kama sijui kuchagua.

Esta


Mwankoko
Jumapili, 15 Juni 2025

Hosea wangu,

Leo sikwenda ibadani. Mama nimemwambia kichwa kinauma. Hakiumi.

Mikono yako haina kasoro. Mikono yako naijua. Ilinishika mgongoni siku ya Muungano, siku ya harusi yetu, mbele ya watu wote, na haikutetemeka, nami nilikuwa natetemeka kwa wote wawili. Mwenye kasoro ni fimbo, na fimbo nilijua. Nyeusi niliitundikia chupa, ikafanya kama ulivyoandika, ncha ikakubali, kiuno kikakataa. Nikaifurahia kabisa. Halafu nikaiona imeshikwa na wewe ndani ya mtumbwi na yeye amekaa mbele yako, mnacheka, nyuzi za sweta langu zinacheza majini. Nikairudisha kwa Edward. Nikachukua ya bluu. Nilitaka ushindwe.

Si kwamba sikujua ni maisha yetu. Nilijua. Nilisema moyoni, heri mwaka mmoja bila yeye, akiwa mahali ambapo hakuna wa kumchekea. Sikulifikiria shimo. Ulipoandika kwamba ukihesabu kumi humwoni mtu, nilihesabu kumi hapa uani nikiwa nimefumba macho, nikashindwa kufika saba.

Na wewe ukakataa fimbo yake kwa sababu mimi nimechagua hii! Hosea, ungenitukana ingekuwa nafuu.

Nyeusi hiyo hapo. Edward hakuniuliza kitu safari hii, alinikabidhi tu. Ukinikasirikia, kasirika, ila uvue nayo. Ukitaka kunirudisha kwetu, nirudishe baada ya tarehe 21. Ukinyamaza nitajua umenyamaza kwa haki.

Nakupenda, na sijui kupenda polepole.
Esta


Tulya
Jumapili, 22 Juni 2025

Esta,

Barua yako niliipata Jumatatu. Nimekaa kimya makusudi.

Siku ya kwanza nilikasirika. Fimbo nyeusi sikuitoa hata kwenye mfuko. Nilimwambia Luciana nitavua na ile ya bluu mbele ya kamati, nishindwe, nishuke shimoni, ujue ulichofanya. Akaniambia, "Mpumbavu wewe. Mwenzio amekosa kwa wivu, wewe unataka ukose kwa makusudi?" Akasukuma mtumbwi wake akaondoka. Siku mbili hakunisemesha.

Alhamisi niliitoa, nikaingia ziwani kwa miguu mpaka magotini. Nilirusha mara moja tu nikajua. Nyepesi, unasahau kama umeshika kitu. Kambale alipogusa, ncha ilimfuata, ikampa nafasi, akafunga mdomo. Nikampata. Nikakaa chini ndani ya maji.

Jana tulikuwa watu kumi na mmoja mbele ya kamati. Wawili niliwapata kabla ya saa tatu. Halafu kimya. Saa nne kimya. Saa tano jua liko utosini, wenzangu wengine wanakunja mishipi yao. Bonifasi alikuwa amekuja na pikipiki na begi langu amelifunga nyuma, kaka yangu yule, ana haraka ya mazishi. Saa tano na nusu nikapitisha chambo pale matete yanapobana. Akachukua. Akaingia ndani. Nikaegemea nyuma, ile fimbo ikapinda mpaka nikasikia inalia, lakini chini haikutikisika, na matete yakaanza kufunguka. Alikuwa mrefu kama mkono wangu mzima.

Mzee Lazaro ameniandika kwenye daftari. Akauliza, "Mke yupo?" Nikakaa kidogo kabla ya kujibu. Nataka ujue kwamba nilikaa kidogo. Kisha nikasema yupo, anaitwa Esta. Akaandika na wewe.

Umenidanganya, Esta. Uliandika umenichagulia, na mimi nikaamini kila neno, nikajichukia mwenyewe siku nzima nzima. Usirudie. Ukiwa na wivu, niandikie "nina wivu". Nitakujibu, hata kama mimi si mjuzi wa kuandika. Luciana simtaki. Sura yake sikuiandika kwa sababu sikuwa na la kuandika. Ya kwako ningeandika, ila barua ilikuwa ya fimbo.

Kiwanja kipo, kuta za chumba zimefika usawa wa kifua. Mlango bado. Njoo useme unataka utazame wapi.

Hosea


Mwankoko
Jumanne, 24 Juni 2025

Hosea wangu, mvuvi wangu, uliyeandikwa na mimi nikaandikwa,

Nimelia, nimecheka, nimemkumbatia Mama akiwa na ungo mkononi, uwele wote ukamwagika na kuku wakasema amina. Mama amekaa chini akarudia mara tatu, "Watatu? Mwanangu katoa watatu?" Kisha akasema ni lile bua la mtama ndilo lililomfundisha. Nimemwachia.

Ile sehemu uliyosema ulikaa kidogo kabla ya kujibu nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Ilikuwa haki yako. Nimeikata, nimeiweka kwenye Biblia yangu, ili siku nikitaka kudanganya tena niikute. Nisamehe, mume wangu. Sitakuchagulia tena kitu huku nikiwa nimekasirika, hata kitunguu.

Sasa nakuandikia kama ulivyosema. Nina wivu. Nina wivu kwamba alikuona ukimtoa yule wa tatu na mimi sikuona. Nina wivu kwamba alikuita mpumbavu kabla yangu, tena alikuwa na haki ya kukuita. Nina wivu hata na Mzee Lazaro aliyesikia unavyolitamka jina langu. Jibu moja moja, usiruke.

Mlango utazame ziwa. Ukitazama upande mwingine nitakuwa nachungulia kwa nyuma mchana kutwa, na majirani watanicheka.

Sweta za shule nilizobakiza ni nne, namaliza Ijumaa. Jumamosi tarehe 28 napanda basi la Alute. Amenipa kiti cha nyuma yake na anasema safari hii nauli nilipe, mchango wake umeisha. Kabla mwezi huu haujaisha utaniona nashuka Tulya na begi langu, na Jumapili asubuhi nataka kupelekwa majini. Mwambie dada Luciana anitengee nafasi kwenye mtumbwi wake. Yeye akae mbele, wewe ukae nyuma, mimi nitakaa katikati.

Mkeo,
Esta